Pale Nisipopataja

Daftari la kwanza lilikuwa la mauzo ya viazi.
Chini ya magunia saba, Tunduma, deni la Ilomo,
niliandika: leo mbayuwayu wamerudi, wawili,
wanaruka chini chini juu ya majani
kama wanaotafuta sindano iliyoanguka.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na tope hadi magotini.

Sasa madaftari yamefika thelathini na moja,
yako darini, penye moshi, mchwa wasiyaguse.
Atuganile husema alijua tangu mwanzo ameolewa uke wenza,
na mwenzake hana hata jina la ukoo,
ana ukungu tu.

Huniuliza watu: mbona huendi kuona simba?
Simba namwona kwenye noti ya elfu mbili,
nikibahatika kuipata.
Mimi sijaumaliza bado mfereji huu
wa nyuma ya shamba la pareto,
na chura wake aliaye kama mlango usiotiwa mafuta,
na sakitu ya Juni inayovunjika chini ya raba
kama chumvi ya mawe.
Mwaka jana ilichelewa siku nne. Niliandika.

Kosa langu limo katika daftari la kumi na mbili.
Nililinakili vizuri, likachapwa katika jarida la kanisa:
bonde gani, ng'ambo ipi ya kijito,
hatua mia mbili toka jiwe lenye ufa,
Machi, okidi za njano na za zambarau,
nyingi hata ng'ombe anakosa pa kukanyaga.
Nilinunua nakala tatu.

Machi iliyofuata nikakuta mashimo.
Madogo madogo, kama ufizi meno yakishang'oka.
Mizizi yake ilikuwa ndani ya ndoo, njiani kuwa chikanda,
na aliyeibeba ndoo ni kijana wa Ilomo,
anatafuta karo.
"Shikamoo, mwandishi. Tulisoma ulivyotuelekeza."
Niliitikia marahaba. Ningesema nini?

Tangu hapo kalamu yangu imejifunza chenga.
Naandika upepo, saa, harufu ya udongo uliolowa,
hesabu ya mbayuwayu
(mwaka huu mmoja;
nilimngojea mwenzake mpaka ugali ukapoa).
Mahali, siandiki.

Zimechipua tena, kidogo.
Wapi?
Panda tu huku Matamba, uulize kwangu.
Utakunywa chai.
Kisha nitakupeleka mferejini,
nikuonyeshe chura.