Siku Arobaini za Mchicha

Namsifu alipanda basi la Dodoma alfajiri,
kitenge cha mjukuu ndani ya begi, chupa ya chai mkononi.
Aliniachia funguo, deni la Luku na sentensi moja:
"Tuta lile usiliache wazi."

Tuta lile: hatua sita kwa mbili,
kati ya ukuta wa choo na uzio wa Mama Asteria,
hapa Tabata Kisiwani, udongo nusu mchanga, nusu vifusi.
Miaka thelathini na mbili nimekagua hesabu za watu.
Tuta sikuwahi kulikagua.

Mbegu alizifunga kwenye kipande cha gazeti,
nyeusi, ndogo kuliko nukta.
Nikapiga chafya, robo ikaenda zake.
Zilizobaki nikazimwaga
kama mtu anayetia chumvi akiwa na hasira.

Samadi alinipa Mama Asteria, ya kuku wake wa kisasa,
bado inafuka. Sikuuliza.
Siku ya nne kijani kikatokeza.
Siku ya saba upande wa kushoto ukaungua wote.
Nikapiga simu.
"Umeweka mbichi?"
Nikanyamaza.
"Mbolea ya kuku huachwa ipoe, Baba Penieli.
Hata wewe nilikuacha upoe kabla sijakukubali."
Nyuma yake mtoto alikuwa analia,
mara yangu ya kwanza kumsikia mjukuu wangu,
nami nimesimama na ndoo.

Maji ya bomba yalikuja Jumanne, na Ijumaa usiku.
Siku nyingine nilimwagilia ya kuoshea mchele.
Nilitoboa kopo kwa msumari,
nikajifunza kumimina polepole, mche usilale.
Nikajifunza kupunguzia: kung'oa iliyo hai
ili iliyo hai ipate nafasi.
Hilo lilinisumbua kidogo.
Niliyoing'oa niliila na kitunguu,
nikiwa wima jikoni.

Kisha majani yakaanza kutoboka.
Nikavizia kwa tochi, saa nane za usiku,
mtu mzima wa miaka sitini na tatu, msuli na fulana.
Mama Asteria akachungulia juu ya uzio:
"Mwizi?"
"Mwizi," nikasema, nikammulikia konokono
mkubwa kama ngumi, anatafuna bila wasiwasi.
"Siku zake arobaini," akasema.
"Na mimi nahesabu hizo hizo."
Akaleta majivu ya jikoni kwake, tukazungushia tuta,
hakuna aliyetaja ile kesi ya bomba ya mwaka juzi.

Siku ya ishirini na nne nikachuma.
"Using'oe," simu ilisema. "Kata.
Acha shina vidole vinne. Utaomba tena, nao utakupa tena."
Kisu kilipopita, shina lilitoa mlio mdogo wa maji.
Mafungu manane, nikayafunga kwa nyuzi za kiroba.
Manne kwa Mama Asteria.
Mawili kwa fundi bomba, ambaye hakuamini.
Moja nikalipika kwa nazi.
Ndivyo mchicha ulivyo:
unaingia sufuriani mlima, unatoka kiganja.
La nane sijui lilikwenda wapi.
Hesabu haikufungika, na usiku ule nililala.

Sasa mashina yamechipua ubavuni, nimekata mara ya pili.
Mmoja tu sikuugusa, ule wa kona ya ukuta.
Umenifika kifuani. Umetoa mkia, bado laini;
nukta zitaiva mwenyewe akiwepo.

Kesho ni arobaini.
Nimefagia uwanja, nimenunua nazi mbili.
Pale kushoto palipoungua pamebaki upara.
Juzi nilijitia kuuficha, nikarushia mbegu chache;
leo kuna vijani viwili, vyembamba kama kope.
Ataviona.
Hata begi hatatua kwanza. Namjua,
huanza kutazama pale palipoungua.