Ukurasa wa Kiatuni

Saa ya mlo machimbo yalinyamaza.
Tuliingia kibandani watu kumi na mmoja,
vumbi la mawe ya paa limetutia mvi
hata mimi niliyekuwa na miaka kumi na minne.
Huko Wales ya kaskazini mvua haiombi ruhusa.
Birika likapiga mluzi, nikafungua kitabu,
maana macho yangu yalikuwa mapya
na ya Tudno yalikwisha liwa na baruti.

Kitabu kilimhusu Hopcyn, mtumishi wa zizi,
ambaye usiku mmoja wa theluji
aliwafungulia farasi wa bwana wake, wote ishirini,
akalitia moto zizi tupu,
kisha akakaa juu ya ndoo kungoja kukamatwa.

"Kwa nini?" akauliza Meurig, mkate mdomoni.

"Mshahara," akasema Ednyfed,
ambaye wiki ile alikatwa shilingi mbili.

"Si mshahara. Ni dada yake, aliyefukuzwa jikoni
na mimba isiyo na mwenyewe."
Alikuwa Cadog. Hakuna aliyemtazama,
kwani dada yake Cadog tulimjua.

Tudno akacheka hadi akakohoa.
"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
huyu alipenda kuonekana.
Hamwoni ndoo aliiweka penye mwanga?
Mimi mwaka ule wa mgomo mliniita simba.
Mnajua nini kilinipandisha juu ya toroli?
Baba alisema sitaweza kamwe
kufumbua kinywa mbele za watu."

Kimya. Chai ikapoa.

"Na farasi?" Meurig hakuachia.
"Mwenye chuki angewaacha waungue.
Mwenye huruma asingewasha kiberiti."

Hapo kila mtu akatazama viganja vyake
kana kwamba jibu limeandikwa humo,
chini ya masizi.

Mimi nilikuwa nimesoma mbele.
Katika ukurasa wa mwisho mwandishi
alimsimamisha Hopcyn kwa hakimu,
akampa sentensi moja iliyopigwa pasi:
*Nilifanya kwa ajili ya haki.*
Basi. Bila dada, bila ndoo,
bila hata harufu ya farasi mkononi.

Ijumaa nilipofika pale nilifunga kitabu.
"Panya wamekula mwisho," nikasema.

Walinitukana, wakawatukana na panya,
wakabishana hadi theluji ikayeyuka.
Ednyfed na Cadog walikaribia kushikana mashati
kwa ajili ya mtu asiyepata kuzaliwa.

Ukurasa ulikuwa kiatuni mwangu, cha kushoto,
umekunjwa mara nne.

Nimezeeka. Wajukuu wakiniuliza
nawaambia niliuchana kwa ajili ya wale wanaume,
ili mwasi wao asifungwe ndani ya sentensi moja.
Nami naamini hivyo, siku nyingi.

Lakini asubuhi ile mvua ilinyesha,
na kile kiatu kilikuwa kinavuja.