Kiganja cha Paja

Nilikuwa na miaka tisa, wewe miwili na nusu.
Mama alikwenda kuteka maji
akaniachia vitu viwili: sufuria na wewe.
Nikatazama sufuria.

Obunga yote hunuka mgongo wazi,
mifupa ya sangara inayotoka viwandani
minofu ikishapanda ndege.
Sisi hukaanga kilichobaki.
Mafuta hayakuwa yakitokota. Yalikuwa yametulia,
na yakitulia hivyo ndiyo hatari,
nawe ukadhani ni maji, ukatia mkono wa kulia
kama mtu anayetafuta sabuni.

Sitaieleza sauti.

Jirani mmoja alileta unga, mwingine dawa ya meno,
mwingine yai. Kila mtu na chake,
na maji ya Mama yakaja yamechelewa.
Tukakufunga kipande cha leso,
na mle ndani vidole vikafanya shauri lao:
vikalaliana, vikaota ngozi moja
kama pacha wanaogombea blanketi.
Samaki mkunje angali mbichi, wamesema.
Wewe ulijikunja mwenyewe. Sisi tukangoja ukakauka.

Ukajifunza kuandika kwa kushoto.
Kanisani, watu wakitakiana amani,
walikushika kifundo kama wanaopima homa.
Siku moja mwalimu aliandika ubaoni
kidole kimoja hakivunji chawa,
akakuona, akafuta upesi kwa kiwiko.
Wenzako walikuita Ngumi.
Uliitika. Hilo ndilo lililoniuma,
uliitika kama ndilo jina la ubatizo.

Kisha Russia. Ndivyo tunavyoiita hospitali kubwa,
na Mama hana jina jingine kwayo.
Daktari Nasambu akaigeuza ngumi yako mwangani,
akaisoma kama barua iliyolowa.
Hakusema pole. Alisema,
"Humu ndani kuna vidole vitano vizima.
Vimefungiwa tu."
Mama akaketi sakafuni, na kikapu chake.
Vimefungiwa tu!
Miaka sita nilikuwa nikipita mlangoni.

Saa nne mezani. Kovu lilikatwa pembe-pembe
kama ukingo wa mkeka, likalegea,
na pale palipobaki wazi
wakashona ngozi waliyoitoa pajani.
Uliamka na waya zimechomoza kwenye ncha za vidole.
Ukaziangalia sana,
ukaniuliza kama zinashika Ramogi.

Halafu ikaja kazi ambayo haina ganzi.
Chelagat, mtu wa viungo, na beseni lake la maharagwe:
shika, achia, shika, achia.
Alitaka ulie kidogo kila siku, si sana,
na alijua kupima.
Usiku nilikufunga lile bao la plastiki,
kamba tatu, si kali, si legevu,
nikalala chini ya kitanda chako
mkono wangu umegusa wako ili ukijivua nijue.
Zamu hii sikutazama sufuria.

Sasa una miaka kumi na minne.
Kiganja chako ni cheusi kama mguu ulikotoka,
na tangu Pasaka kimeanza kuota vinyweleo.
Unavinyoa kwa siri. Wembe nimeuona.
Kidole kidogo kimeanza kupinda tena,
maana wewe unarefuka na kovu halirefuki,
na Nasambu amekwisha kutupa tarehe.

Jana jioni ulikuwa unajikuna.
"Kiganja kinawasha," ukasema.
Mama akacheka hadi akaweka mwiko chini:
pesa inakuja!
Mimi nikanyamaza. Lililowasha ni paja,
na paja lingejuaje habari za pesa?
Lakini ulikuwa umeshaunyoosha mkono mbele yangu,
wazi, karibu wote.
"Basi lete, Akech."

Nikaweka shilingi kumi.
Vidole vikafunga, kimoja, kingine, kingine.
Kidogo kikachelewa.
Nikangoja.