Hundi Kubwa Kama Mlango

Waliileta kutoka Maskati juu ya paa la gari,
imefungwa kamba kama godoro la bibi harusi:
hundi ya kadibodi, ndefu kunishinda,
mwali wa buluu wa kampuni pembeni,
na tarakimu za riali ambazo mimi mwenyewe
nilizihakiki Jumapili, ofisini, Suri,
sifuri moja baada ya nyingine, chai ikipoa.

Mimi mtu wa hesabu. Zeyana wa Nasor, ghorofa ya pili.
Mama alinizaa Wete, akanilea huku,
kwa hiyo nikihesabu nahesabu kwa Kiarabu
na nikiudhika naudhika kwa Kiswahili.
Siku ile nilifanya yote mawili.

Ras al-Hadd. Tuligawiwa fulana
zenye picha ya kasa anayecheka.
Kasa hacheki. Nimemwona akitaga:
mazito yanamtoka machoni, machozi ya chumvi,
na mchanga anaurusha nyuma kwa hasira
kama mtu anayefukia siri mbele ya majirani.

Mkurugenzi akashika ncha moja ya hundi,
Mundhir, mlinzi wa ufukwe, akashika ya pili.
Upepo ukaitia tumbo, ukataka kuruka nao.
"Kushoto kidogo," mpiga picha akalia, "nembo haionekani."

Ndipo Mundhir aliposema, bado anatabasamu kwa amri:
"Ahsanteni. Lakini ile taa ya bohari lenu,
ya kumi na nne kutoka langoni, nimezihesabu.
Vitoto vikianguliwa hutafuta weupe wa bahari.
Sasa weupe ni ule.
Alfajiri nafuata nyayo zao, uzi kwa uzi,
mpaka kwenye lami.
Huko mbweha kawahi. Au tairi."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa,
kama anayesimuliwa homa ya mtoto wa mwenziwe.
"Andikeni," akasema.

Nikaandika.
Idara ya umeme ikasema ni suala la usalama,
usalama wakasema ni la bima,
bima wakasema ni la Maskati,
na Maskati wakanijibu kwa picha:
kasa yule yule wa kucheka, chini yake, Hongera.

Nikafungua jedwali la ripoti.
Safu ya riali ipo. Ya wanafunzi waliotembezwa, ipo.
Magunia ya taka, yapo, na uzito wake.
Giza halina safu.
Utalipiga picha vipi, giza?
Utalibandika wapi nembo?

Aliyenifungua macho ni fundi Shafiqul, mtu wa Silheti,
miaka tisa anapanda nguzo zetu, hajapigwa picha hata moja.
Alinisikiliza huku akifuta bisibisi kwa shati.
"Bibie," akasema, "balbu huungua.
Mpya mpaka ije kutoka Dubai, miezi mitatu.
Minne, karatasi zikichelewa mezani kwa mtu."

Karatasi zilichelewa mezani kwa mtu.
Niliweka sahihi: *taa ya kumi na nne, imeungua*.
Miaka kumi na moja ya daftari safi,
na uongo wangu wa kwanza mkono haukutetemeka.

Na hundi? Nilikwenda tena, peke yangu, bila fulana.
Mundhir ameisimamisha dirishani pa kibanda chake
izuie mwanga wa taa yake mwenyewe.
Riali zote zinamtazama yeye akinywa kahawa.
Upande wa baharini ni kadibodi tupu.

Alfajiri alinipeleka ukingoni mwa mawimbi.
Hakusema kitu. Akaninyooshea kidole chini.
Nikahesabu, kwa Kiarabu, polepole:
nyuzi mia na tatu juu ya mchanga,
zote zinateremka.

Nimeziandika kwa penseli nyuma ya stakabadhi ya petroli.
Sijui niitie nini hiyo safu.