Swali la Tisa

Nimefika Kondele na dodoso la kurasa nne.
Apondi huuza vipuri vya baiskeli;
juu ya minyororo na pedali, kibao cha msonobari
kimebeba chumvi, mchele wa Ahero, maji ya bomba.
Anainama mara mbili, anapiga makofi mawili,
anainama tena.
Jirani anachungulia: "Unabisha hodi kwa nani?"

Alijifunza kwa simu, usiku, bando likiwa rahisi,
kwa mama mmoja wa Brazili na kijana wa Polandi
ambao sura zao hazijui.
Hirizi ilikaa posta miezi mitatu.

*Je, kami huweza kuhamia nchi nyingine?*
Naandika "miungu", nakata. Naandika "mizimu", nakata.
Yeye anajifuta grisi vidoleni.

"Nyanya yangu, akipita Kit Mikayi,
alikuwa akivua viatu. Hakusema kwa nini.
Hawa wa mbali ndio walionieleza."

Kisanduku cha jibu ni kidogo kuliko ukucha.
Nikatia alama ya vema, kisha nikaona haya,
nikanawa kwa kibuyu chake
mkono wa kushoto, wa kulia,
ndipo nikaaga: yeye, na kile kibao.