Safu ya Mwisho

Kila siku saa tatu asubuhi
naichomoa chupa kwenye kipimamvua,
naiinua mpaka usawa wa jicho,
naandika kwenye fomu ya Entebbe:
milimita kumi na mbili, nukta nne.
Fomu haina haja na zaidi.
Safu ya mwisho, "Maelezo", ina upana wa kidole gumba,
na kwa miaka kumi na tisa nimeijaza neno moja:
Hakuna.

Lakini yapo.
Nayaandika usiku, kwenye daftari la shule
lenye jedwali la kuzidisha jaladani,
na nayaandika kwa Kiswahili
kwa kuwa hapa Kabale, mlimani kwetu,
hakuna wa kunichungulia.
Mume wangu anasoma Rukiga, anasoma Kiingereza.
Kiswahili kwake ni lugha ya kizuizi barabarani:
lala chini, toa pesa.
Mimi nilikipata kwa baba, Sajini Bagorogoza,
aliyenisuka nywele mwenyewe kambini Mbarara,
vidole vinene, akihesabu mikia:
moja, mbili, tulia mwanangu, tatu.

"Jumatatu. Mvua imeanza kama mtu aliyesahau alichokuja kusema."
"Alhamisi. Imenyesha kwa Tibenderana tu.
Viazi vyangu vimekaa vikitazama."
"Leo sifuri. Nimelia kidogo. Havihusiani."

Ndipo akaja Nuwagaba wa redio
kutafuta takwimu za masika ya zamani.
Alisoma Arusha, yule. Sikujua.
Akaliokota daftari nilipokwenda kumletea obushera,
akalisoma amesimama,
akacheka mahali ambapo sikuweka kicheko.
"Mama, haya watu wayasikie."
Dakika tano, kila Jumamosi,
kwa wachuuzi na madereva wanaosubiri Katuna.

Jumamosi ya kwanza nilisoma yalivyo.
Ya tatu, nikajikuta naingojea mvua
kama mtu anayengojea kupigwa picha.
Nikaandika: mawingu yamebeba mimba ya matumaini.
Mimba!
Tangu lini? Kwangu mawingu hubeba maji.
Siku ya sifuri sikusema nililia,
nilisema wakulima walilia.
Na mara moja, nakiri hapa,
milimita sita niliziita gharika,
kwa sababu muuza chumvi aliniambia
ile ya radi ndiyo waliyoipenda.

Ningeacha. Nilishamwambia Nuwagaba naacha.
Lakini dereva mmoja wa trela, Mwakibinga,
aliyekwama mpakani siku nne na shehena ya saruji,
alituma neno kupitia kijana wa petroli:
mwambieni mama wa mvua,
ile ya viazi kukaa vikitazama kwa jirani
imenikuta kwenye foleni, lori la mbele likiitwa,
na nilidhani wivu wa namna ile ninao peke yangu.

Nilikaa nalo neno lile jikoni hadi maharage yakaungua.
Nililoliandika nikiwa nimefunga mlango
kumbe lilikuwa na ndugu yake barabarani.
Na lile la mimba halikumfikia mtu yeyote.

Sasa ninalo daftari la tatu,
limo ndani ya gunia la mtama, usiniulize lipi.
Hilo sisomi redioni.
Hata humo, jana, nilifuta "baridi"
nikaandika "ubaridi", nikarudisha "baridi",
kisha nikageuka kutazama mlangoni.
Nilikuwa nambembeleza nani?

Leo asubuhi: milimita tatu, nukta moja.
Chupa haikujali nimevaa nini.
Nikafika safu ya mwisho, kalamu ikasita,
nikabana herufi zikae ndani ya kidole gumba:
Ilikuja taratibu, ikaomba radhi, ikaondoka.
Nikaikunja fomu, nikailamba bahasha.

Entebbe hawajajibu.