Mtazame kwa Nyuma

Usimtazame usoni. Uso wa fahali ni uongo wa kwanza,
na pembe hazichemshwi.
Zunguka, Thuweni, simama nyuma yake,
mbali kidogo, teke halibishi hodi,
uone miguu imeachana vipi,
paja limejaa mpaka wapi kabla ya kushukia goti.
Likiwa la mviringo kama mtungi, tia mkono mfukoni.
Likiwa bapa kama mlango, mtakie mwenyewe heri, upite.

Ndivyo alivyonifunza marehemu mume wangu
hapa hapa Nizwa, sokoni, Ijumaa,
jua halijapanda ukuta wa ngome,
wanyama wakizungushwa kwenye duara
na wenye kofia za darizi wakirushiana bei.
Alikuwa mchinjaji wa Unguja, kiganja chake mizani.
Hubonyeza nyonga, hufumba macho,
husema: "Huyu, nyama tupu, kilo mia na ishirini."
Akikosea, hukosea kwa kilo mbili,
na siku hiyo chakula hakimpiti.

Ijumaa iliyopita lilikuwapo dume la Kidhofari,
jekundu, fupi, limeshiba majani ya mvua za mlimani,
nyuma limejaa hata mkia umekosa pa kulala.
Wakili wa hoteli ya Maskati alishaliona.
Alitaka nyuma tu: sarara, kiuno, paja.
"Mbele," akasema, "mtajua wenyewe."

Mtajua wenyewe!
Nilicheka ndani ya ushungi.
Mbele ndiko nilikolelea watoto watano.
Kidari kimepika pilau za harusi za watu,
shingo imelipa ada ya skuli,
na muundi, ah, muundi,
tangu alfajiri mpaka adhuhuri, moto mdogo,
ndimu, pilipili manga, tangawizi ya kuponda,
uboho unateleza wenyewe mfupani
kama mtoto anayejifanya hajaamshwa.

Tukagawana. Dume rial mia tano na sitini:
mia nne na ishirini zake, mia na arubaini zangu.
Mkia nikaomba nyongeza. Akanipa. Hakujua.

Machinjioni kisu alishika Rafikul, kijana wa Kibangali,
mwembamba, mikono yake ina akili kuliko ya daktari.
Alipoichomoa sarara akaipima kiganjani,
akanambia kwa Kiarabu chake cha kuvunjika:
"Laini, mama. Hii haijafanya kazi."

Neno hilo nimelala nalo wiki nzima.
Kweli, sarara imejilaza chini ya uti wa mgongo, kivulini,
haikupanda, haikusukuma, haikusimama juani,
na bei yake ndiyo ya juu.
Muundi umegonga kila jiwe la mlima,
umelibeba dume zima, pamoja na sarara yake,
nao ni rial moja na baisa mia mbili.
Utaniuliza, na paja? Paja nalo limetumika.
Ndiyo, lakini ni kubwa, mwanangu.
Mwenye mwili mkubwa husamehewa ugumu wake.

Rafikul mwenyewe alichukua kipande cha shingo.
Hukipika chumbani kwao, wanaume wanane, jiko moja,
zamu yake ya simu ikifika
humwambia mama yake amekula nyama,
wala hasemi nyama gani.

Basi ukienda sokoni, chagua nyuma,
nyuma ndiyo inayolipa deni la ng'ombe, sibishi.
Ila usiache mbele mikononi mwa mtu
anayesema "mtajua wenyewe."
Sisi tunajua.

Sufuria yangu iko motoni tangu swala ya alfajiri.
Usije mapema, ukanisimamia na kufunuafunua.
Huu ni mguu uliotembea.
Hauharakishwi.